Siagi Chini ya Kitanda

Jumanne, tarehe kumi Machi 1970, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Githinji aliinua kifuniko cha mkebe wa kwanza wa maziwa, akakileta puani, akanusa, asipate kitu.

Hakushtuka. Mkebe uliooshwa vizuri hauna makelele. Alifikiri kwamba mkulima huyu wa kijiji cha Ziwa hatimaye amesikia maneno, akaupitisha. Akainua kifuniko cha pili. Cha tatu. Kufikia cha kumi alikuwa akinusa kila kimoja mara mbili. Maziwa mazuri kabisa huwa na kaharufu kake, ka majani yaliyotafunwa na ngozi ya ng'ombe, na hata hako hakakuwepo. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Mbele yake foleni ya matrekta na mikokoteni ilifika hadi langoni, wakulima wakipuliza vidole kwa baridi. Kazi ya Githinji katika kiwanda hicho cha maziwa cha Eldoret ilikuwa moja tu: kunusa kifuniko, maana harufu hupanda na kujikusanya huko, kisha kusema "pita" au "rudisha" kabla mtu hajahesabu tatu. Kiwanda kizima kilimwita Pua. Alipewa kazi hiyo mwaka wa 1965, Mzungu aliyeifanya aliporudi kwao, na katika miaka mitano hakuwahi kukosea mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Sasa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaanza kunusa kwa macho. Aliangalia mikono ya mwenye mkebe, akaangalia kola ya shati, akaangalia kama mtu anamtazama usoni au anatazama chini, kisha akaamua. Mzee mmoja aliyevaa koti lililochanika bega akarudishiwa maziwa yake.

"Yana nini?" mzee akauliza.

"Rudisha, Mzee."

"Nakuuliza yana nini, kijana. Ng'ombe ni yule wa jana. Mkono ni huu wa jana."

Githinji akanyoosha mkono amsaidie kubeba. Mzee alikataa kusaidiwa. Aliubeba mkebe peke yake kurudi kwenye mkokoteni, akisimama kila hatua nne kupumzika, na watu wote wakamtazama.

Saa sita mchana tangi zima lilifunguliwa, maziwa yakamwagwa mtaroni. Mtu fulani alikuwa ameleta maziwa katika mkebe uliowahi kubeba mafuta ya trekta, na mkebe huo ulikuwa umepita. Wilson Kimeli, msimamizi wa jukwaa la kupokelea maziwa, alimwita Githinji ofisini na kufunga mlango.

"Ulikunywa jana?"

"Sinywi, Bwana Kimeli. Unajua."

"Una homa?"

"Hapana."

"Basi niambie wewe. Wakulima wananiuliza, na mimi nimeshika kalamu tu kama karani wa kanisa."

Githinji alitazama kofia yake. "Sisikii harufu," akasema. "Tangu asubuhi."

Kimeli alivuta droo, akatoa chungwa, akalipasua ganda kwa kidole mbele ya uso wa Githinji. "Na hii?"

"Naona ni chungwa."

"Sikukuuliza unaona nini."

Kimeli hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemfundisha Githinji kazi, na alipenda kusema kwamba pua ya Githinji ni mali ya serikali. Alikula pande moja la chungwa, akampa Githinji jingine.

"Utakaa kwenye mizani wiki mbili. Tarehe ishirini na nne nitakupima mwenyewe. Ikiwa imerudi, unarudi jukwaani. Isiporudi, Githinji, nitakuweka wapi? Kwa waoshaji wa mikebe tu."

Muoshaji wa mikebe hakufikisha nusu ya mshahara wa mnusaji. Na mwisho wa Mei Githinji alitakiwa kumaliza kulipa hisa yake katika kampuni ya kununua shamba, ekari tano za shamba lililokuwa la Mzungu mmoja, mbele ya Ziwa. Kimeli alijua. Kila mtu alijua, maana Githinji alikuwa hazungumzi kitu kingine.

*

Githinji, mkewe Nyaguthii na binti yao Waithira wa miaka minne walikaa katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha petroli, kando ya barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Uganda. Walihamia hapo Novemba. Mwenye kituo, Mzee Kinyanjui, ndiye aliyekuwa pia katibu wa kampuni yao ya shamba, naye aliwapangisha kwa bei ya huruma, kama alivyoiita mwenyewe mbele za watu. Siku ya kuwaonyesha chumba alisifia jambo moja. "Tafuteni kunguni humu. Mkimpata mmoja, nitawalipia kodi ya mwezi."

Na kweli kunguni hawakuwepo. Wiki ya kwanza harufu ya petroli iliwauma macho. Wiki ya pili waliisikia tu wakirudi kutoka kanisani. Ya tatu hawakuisikia tena, wakasema wameizoea, kama mtu anavyozoea mlio wa treni.

Githinji hakumwambia mkewe kitu Jumanne hiyo. Jumatano jioni Nyaguthii alirudi kutoka mferejini akakuta chumba kimejaa moshi, maziwa yamefurika yakaungua juu ya jiko, na mumewe amekaa hatua moja kutoka hapo, anasoma gazeti.

"Baba Waithira! Maziwa!"

Akainua kichwa.

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa wapi, na uko hapa?"

Ndipo akasema. Alimaliza kusema akangoja mkewe alie. Nyaguthii hakulia. Aliondoa sufuria, akafungua dirisha, akamtazama kwa muda kama anavyotazama kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei.

"Funga macho," akasema.

Alimletea kitunguu, akakikata chini ya pua yake. Machozi yalimtoka Githinji, lakini harufu hakuipata. Akamletea sabuni. Akamletea ile sufuria iliyoungua. Waithira alidhani ni mchezo, akaleta kiatu cha baba yake, akacheka mpaka akakaa chini. Mwisho Nyaguthii alimletea kitu laini.

"Na hiki?"

"Sijui. Ni nguo."

"Nguo gani?"

"Sijui, Mama Waithira."

Kilikuwa kitambaa chake cha kichwa. Alikifunga tena kichwani polepole, naye Githinji alipofungua macho akakiona na kujua alichokuwa ameulizwa.

*

Zahanatini walimpa matone ya pua na kumwambia ni mafua yaliyojificha. Alitia matone Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili akapanda lori pamoja na wanachama wengine wa kampuni kwenda kuona shamba.

Walizungushwa na Mzee Kinyanjui mpaka mtoni. Alikuwa amesimama juu ya jiwe akieleza mahali kura za mashamba zitakapopigwa, Githinji alipopaza sauti katikati ya hotuba.

"Mavi!"

Watu wakageuka.

"Mavi ya ng'ombe!" Githinji alikuwa ameinama, anacheka, anavuta hewa kwa nguvu. "Nayasikia! Na udongo pia. Kuna udongo uliolimwa hapa karibu."

"Bwana Githinji," alisema Kinyanjui, "tumenunua shamba lenye mto, lenye nyasi, lenye nyumba ya mawe. Wewe umefurahia mavi."

Walicheka njia yote mpaka mjini, na Githinji hakujali. Usiku alimwambia Nyaguthii kila harufu aliyoipata, moja moja, kama mtu aliyetoka safari ya nchi za mbali. Jumatatu asubuhi alisikia sabuni aliyonawia. Jumanne asubuhi akaamka, akanusa kiganja chake, akakirudisha chini ya blanketi. Hakukuwa na kitu.

Nyaguthii alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wake alikuwa akilalamika kwamba msichana huyu hujibu swali kwa swali. Alikaa juu ya kitanda, akamtazama mumewe.

"Pua yako haikufa," akasema. "Mtu aliyekufa hafufuki Jumapili akafa tena Jumanne. Inaogopa kitu. Kule hakipo, hapa kipo. Ni nini?"

"Labda ni baridi."

"Kule pia kuna baridi."

"Labda ni mawazo."

"Mawazo uliyabeba ukaenda nayo." Akashuka kitandani. "Kiwandani, mnajuaje kama chumba kina harufu mbaya?"

"Tunaangalia siagi. Kimeli hutuambia siagi ni mwizi. Ukiiweka karibu na kitunguu, asubuhi ina kitunguu. Karibu na samaki, ina samaki. Mafuta yake hunyakua kila kinachopita hewani."

"Hiyo siagi mnayopewa kila wiki, imebaki?"

"Imebaki nusu."

"Basi tumtume huyo mwizi," alisema Nyaguthii, "aone ataiba nini hapa."

Githinji aliona haya kidogo. Miaka mitano alikuwa akiwafundisha vijana wa kiwandani kwamba siagi ni mwizi, na hakuwahi kufikiria kwamba na yeye ana nyumba.

*

Tatizo lilikuwa nani atainusa. "Pua yangu imelala chumba kimoja na yako," alisema Nyaguthii. "Siiamini." Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Nyaguthii alimwamini kwa jambo hilo, lakini yeye na mtu huyo walikuwa hawasemezani sana.

Jepkosgei wa Kiplombe, kijiji cha kando ya mji, aliuza mursik, maziwa ya kugandisha katika vibuyu vilivyosafishwa kwa mkaa wa mti, na wateja wake walisema anaweza kunusa kibuyu akakuambia kilifungwa siku gani. Tangu Novemba alikuwa akiacha vibuyu viwili chumbani kwa Nyaguthii jioni, avipate karibu asubuhi ya soko. Katikati ya Februari aliacha kuja. Hakusema sababu. Siku hizo sokoni kulikuwa na maneno kwamba watu wa Nyeri, Wakikuyu kama Nyaguthii, wanamaliza mashamba ya watu, naye akayajumlisha mambo hayo mawili akapata jibu lake. Wakawa wanasalimiana kwa mbali.

Jumatano Nyaguthii alimfuata sokoni.

"Mama Waithira," alisema Jepkosgei, akisogeza kikapu kumpa nafasi. "Umenipotea."

"Ni wewe ulinipotea. Uliacha kuleta vibuyu. Nilisema labda ni haya maneno ya mashamba."

Jepkosgei alishangaa waziwazi. "Mashamba? Mimi nina shamba gani la kukugombania?" Akapunguza sauti. "Niliona aibu kukuambia. Vibuyu vilivyolala kwako vilikuwa na harufu. Mteja alinirudishia kimoja mbele ya watu, akaniuliza kama siku hizi nakamua lori."

Nyaguthii alijaribu kutocheka, akashindwa, na Jepkosgei naye akashindwa. Walipomaliza kucheka, Nyaguthii akamwambia yote.

Jioni hiyo walitega visahani vitano, kila kimoja na kipande cha siagi ukubwa wa kidole gumba. Kimoja chini ya kitanda. Kimoja dirishani. Kimoja mbele ya kituo, nyuma ya pampu. Kimoja barabarani, chini ya ua wa miti, mahali malori yanapopita. Cha tano Jepkosgei alikwenda nacho Kiplombe. Chini ya kila kisahani Nyaguthii aliandika namba kwa mkaa, ili mnusaji asijue kilitoka wapi.

Alhamisi asubuhi Jepkosgei alinusa vyote, akatikisa kichwa. Kulikuwa na petroli katika vitatu, lakini kidogo tu, na kile cha pampu kilizidi. Nyaguthii alikata tamaa nusu. Kwa sababu siagi ilikuwa imebaki, akatega tena jioni.

Ijumaa asubuhi Jepkosgei alikuja mapema, akakaa juu ya kigoda.

"Hii ni ya nyumbani kwangu. Ina moshi wa jikoni mwangu." Akaweka chini. "Hii ni barabara. Moshi wa lori na vumbi. Hii ina petroli, lakini si sana, ni pampu?" Akachukua cha nne, akakileta puani, akageuza uso ghafla kama aliyepigwa kofi. "Hii mmeichovya."

"Haikuchovywa."

"Mama Waithira, usinitanie. Mmeichovya kwenye petroli."

Nyaguthii aligeuza kisahani, akasoma namba. "Ilikuwa chini ya kitanda."

"Na nyinyi mlilala wapi?"

"Juu yake."

Jepkosgei akanusa na cha tano, cha dirishani, akasema kinakaribia hicho; kisha wote wawili wakatazama kitanda. Petroli iliuzwa mbele ya nyumba, iweje harufu ije kulala nyuma, tena iizidi ile ya pampu yenyewe? Na kwa nini jana, na si juzi?

"Jana tanka la mafuta lilikuja," alisema Waithira, akichezea vijiti vya kiberiti sakafuni. "Tanka likija kichwa changu huuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema nilale."

*

Stephen Kiprono alikuwa mhudumu wa pampu, mtu mtaratibu aliyependa kazi yake. Nyaguthii alimkuta akipima tangi la chini ya ardhi kwa fimbo ndefu yenye alama.

"Stephen, lori likimimina mafuta humo, kunatokea nini?"

"Tangi linajaa, Mama."

"Na kabla halijajaa lina nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Stephen alifuta fimbo kwa kitambaa, akafikiri, akafurahi. "Lina hewa. Si hewa kama hii. Ni hewa ya mafuta, nzito, hushuka ikalala chini. Lori likileta galoni elfu mbili, hiyo hewa itaenda wapi? Lazima ipishe. Inatoka kwa bomba. Sisi husema tangi linapumua."

"Hilo bomba liko wapi?"

Stephen alielekeza kwa fimbo. "Nyuma," akasema. "Kwenu."

Walizunguka pamoja. Bomba lilitoka ardhini kando ya ukuta, nene kama mkono, limepakwa rangi ileile ya ukuta ili lisionekane. Nyaguthii alikuwa amelifungia kamba ya kuanikia nguo tangu Novemba. Lilipaswa kupanda mpaka juu ya paa, Stephen alieleza, lakini vyumba vilipojengwa mabati yalikutana nalo, na fundi akaona ni rahisi kukata bomba kuliko kutoboa bati. Mdomo wake uliishia usawa wa dirisha. Nyaguthii aliweza kuufunika kwa kiganja.

"Linapumua siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi."

Jumatatu, Githinji alianza kuhesabu alipoambiwa. Jumatatu lori, kisha Jumanne ile ya mikebe isiyo na harufu.

*

Jumamosi asubuhi Nyaguthii alikwenda ofisini kwa Mzee Kinyanjui na kisahani mkononi. Wanaume watatu walikuwa wamekaa humo wakinywa chai.

"Mama Waithira! Umeniletea siagi bila mkate?"

"Nusa, Mzee."

"Mimi nanusa petroli toka asubuhi mpaka jioni. Nina miaka hamsini na tisa. Nina meno yangu yote."

Aliwaeleza habari za bomba. Alieleza vizuri, bila kupaza sauti, akaongeza kwamba Stephen amesema ni kipande cha futi sita tu.

"Na nikitoboa bati," alisema Kinyanjui, "mvua ikiingia, mtaniletea maji kwenye kisahani?"

Wanaume wakacheka. Kinyanjui alichukua kipande cha mkate kilichokuwa kando ya chai yake, akakipaka ile siagi kwa kisu, akakitia mdomoni. "Mnaona? Sijafa." Alitafuna mara mbili. Kisha akatafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna kabisa, macho yamemtoka maji, lakini watu walikuwa wakimtazama, na akameza.

"Mwambie mumeo," akasema baada ya kunywa chai yote, na sasa hakuwa akicheka, "kura za mashamba ziko karibu. Mtu mwenye hisa isiyokamilika hafai kuwa na maneno mengi. Wanaongoja nafasi ni wengi."

Nyaguthii alikusanya kisahani chake. Mlangoni alisikia mmoja wao akisema, "Huyo mwanamke angekuwa polisi," na kicheko kikamfuata mpaka nje.

Jioni wote watatu nyumbani walifunga blanketi, wakaenda Kiplombe. Jepkosgei alikuwa amesisitiza. Mumewe Kipkemboi aliwapokea langoni akiwa ameshika ndama kwa sikio.

"Karibu, karibu. Nimesikia Mkikuyu amemaliza kununua mashamba, sasa amekuja kununua hewa."

"Unauza pesa ngapi, Mzee?" aliuliza Githinji.

"Hiyo haina hisa. Vuta ushibe."

Walilala huko siku tatu, katika nyumba ya jikoni, karibu na mbuzi. Jumapili jioni Githinji alisikia harufu ya mbuzi. Jumatatu alfajiri akasikia mkaa wa vibuyu, na maziwa yaliyokuwa yakichacha ndani yake, na nyasi zenye umande. Jumatatu jioni Nyaguthii alipita karibu yake, naye akamshika mkono, akamvuta, akaweka uso kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Hiki," akasema. "Sasa niulize."

"Ni nguo gani?" aliuliza Nyaguthii.

*

Tarehe ishirini na nne Kimeli alipanga mikebe minne jukwaani. Waoshaji waliacha kazi wakaja kusimama kando. Hakuwafukuza.

Githinji aliinua kifuniko cha kwanza. Kaharufu kale kalikuja, ka majani na ngozi, na almanusura acheke. "Safi. Pita."

Cha pili. "Huyu ng'ombe amekula kitunguu mwitu. Rudisha."

Cha tatu alikirudia mara mbili. "Yameanza kuchacha. Si sana. Ni ya jana jioni, na hayakuwekwa kwenye maji ya kupoza. Rudisha."

Waoshaji wakapiga makofi. Mmoja akaita, "Pua!" Kimeli alikuwa akitabasamu.

Githinji alichukua kifuniko cha nne. Alivuta taratibu, kama alivyofundishwa, akakizungusha, akavuta tena. Majani, ngozi. Maziwa mazuri.

"Safi," akasema. "Pita."

Kimeli aliacha kutabasamu.

"Ni safi, Bwana Kimeli."

Kimeli alimwita muoshaji aliyekuwa karibu zaidi. Yule alileta pua, na kabla kifuniko hakijamfikia akarudi nyuma, mkono mdomoni. "Ni petroli," akasema, akimtazama Githinji kwa mshangao. "Pua, hii ni petroli."

Githinji alinusa tena. Alinusa mpaka mapafu yakamuuma. Harufu zote za dunia zilikuwa zimemrudia, isipokuwa hiyo moja iliyozifukuza.

"Labda itarudi," alisema.

"Labda," alisema Kimeli. "Lakini Githinji, nusu ya mikebe mibaya inayoletwa hapa imebeba petroli au dizeli. Wewe unajua kuliko mimi." Alichukua kifuniko mikononi mwake kwa upole, akakiweka mahali pake. "Ungeniambia unaishi wapi. Ningekuambia mnusaji haishi hapo. Tunawakataza kitunguu, tunawakataza tumbaku. Hakuna aliyefikiria kuwauliza mnalala wapi."

Githinji alianza kuosha mikebe siku ileile. Mvuke wa moto ulimtoa jasho, na mchana alikula pamoja na wenzake wapya, ambao kwa heshima waliendelea kumwita Pua kwa wiki moja, kisha wakaacha.

*

Chumbani kwa Kinyanjui hawakurudi kulala, na mwisho wa Mei hisa haikukamilika. Kampuni ilimruhusu agawane na mwanachama mwingine, na kura zilipopigwa Githinji alipata ekari mbili na nusu badala ya tano, upande wa mbali na mto. Walijenga nyumba ya udongo, wakanunua ng'ombe mmoja. Githinji hulala mjini na waoshaji wenzake siku za kazi, na Nyaguthii ndiye anayenusa mkebe wao kabla haujapelekwa barabarani. Jepkosgei alimfundisha.

Agosti Nyaguthii alikuja mjini kuuza mayai, akapita nyuma ya kituo cha petroli. Hakuwa na haja ya kupita huko. Katika kikapu alikuwa na siagi aliyoisukasuka mwenyewe, na kisahani.

Mpangaji mpya alikuwa Perez, mke wa fundi wa reli, mwanamke mchangamfu mwenye mtoto mgongoni. Alimkaribisha, akamwonyesha jinsi alivyopanga kitanda. Nyaguthii akamwomba jambo la ajabu, na Perez, kwa adabu, akakubali kuweka kisahani chini ya kitanda siku moja. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Nyaguthii alirudi. Alikiinua kisahani, na yeye ambaye sasa analala mbali, mbele ya Ziwa, ilimbidi ashike ukuta kwa ukali wa petroli.

"Nusa," akasema.

Perez alinusa. Alinusa tena, akitaka kumfurahisha. "Ni siagi," akasema. "Siagi nzuri. Unauza?"

"Husikii kitu kingine?"

"Kama nini?"

Nyaguthii alimpeleka nje, akamwonyesha bomba. Nepi za mtoto zilikuwa zimeanikwa juu ya kamba iliyofungwa hapo. Alimweleza habari za tangi, za hewa, za siku, za futi sita, na Perez alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitamwambia mume wangu," akasema. "Lakini Mama, chumba ni kizuri. Kunguni hakuna hata mmoja."

"Umekaa siku ngapi?"

"Kesho ni wiki tatu."

Bomba liko vilevile, usawa wa dirisha. Lori la mafuta huja Jumatatu na Alhamisi, saa kumi jioni.